Klabu yetu ya kujitolea inazidi kupungua, je logo mpya italeta wanachama?

mratibu_wanachama

Wakuu habari zenu, naomba mawazo yenu maana kikao cha bodi ni wiki mbili zijazo na mimi ndo nimepewa kazi ya kuleta wanachama wapya. Klabu yetu ni ya huduma kwa jamii, tuko chini ya shirika kubwa la kimataifa, miaka sita iliyopita tulikuwa 41, saa hizi waliolipa ada ni 23 na wanaokuja kikaoni kweli kweli hawazidi 12, na hao 12 ndo walewale wanaobeba meza, wanaoandika mihutasari, wanaochanga ikipelea. Wamechoka na ninawaona wanavyochoka.

Sasa bodi imeona dawa ni kujibrand upya. Logo mpya, fulana mpya, mabango, peji mpya. Kuna mwenzetu keshachora logo, kachukua alama ya shirika mama akabadilisha rangi, katikati kaweka mikono miwili inashikana na juu yake mtoto anacheka. Kusema kweli ni nzuri, lakini wazee wa klabu wamekuja juu wanasema alama haiguswi, vijana nao wanasema ndo maana hatukui.

Mimi kinachoninyima usingizi ni kitu kingine kabisa. Mwezi uliopita tulikuwa na zoezi la kupima macho bure, akaja dada mmoja hatumjui, akaona foleni imevurugika akaanza kupanga watu, akakaa na sisi masaa matatu anaandika majina, anawashika wazee mkono mpaka kwenye kiti. Tunakusanya vitu akaniuliza, kwani nyie ni kampuni gani? Na tulikuwa tumevaa fulana wote, bango lipo, alama ipo kila mahali! Nikaanza kumweleza sisi ni klabu ya kimataifa ilianzishwa mwaka fulani na bwana fulani, tuna nguzo kadhaa za huduma... akatabasamu kwa adabu akaaga akaondoka. Hata namba yake sikuchukua. Nimefika nyumbani ndo nagundua nimempoteza mwanachama aliyekuja mwenyewe kwa miguu yake.

Hela tuliyonayo ni ya jambo moja tu. Nianzie wapi?

fundi_wa_alama

Mkuu pole, ila hongera kwa kulisema wazi, wengi hawasemi.

Mimi nachora alama kwa ajira na niko kwenye klabu pia, kwahiyo nianze na hiyo logo: isimamisheni. Hujasema shirika gani na si lazima useme, ila haya mashirika makubwa karibu yote yana mwongozo wa matumizi ya alama na jambo la kwanza utakalokuta ni usibadilishe rangi, usivute, usiweke kitu juu wala ndani yake. Alama ni mali ya shirika, klabu inaruhusiwa kuitumia tu. Wazee wenu wako sahihi kwenye hilo. Na hata mngeruhusiwa, kila klabu ikichora ya kwake mtu akiona tatu atadhani ni vyama vitatu tofauti, ile faida ya kuwa chini ya jina kubwa mnaitupa wenyewe.

Lakini vijana nao wana hoja. Angalia Rotary, shirika la kimataifa la klabu za huduma kama yenu. Alama yao ya mwanzo mwaka 1905 ilikuwa gurudumu la mkokoteni, baadae likawa gia, miaka ya 1920 likatulia kwenye meno 24 na spoku 6, na pale katikati wakaongeza kifereji cha kushikia shafti kwasababu mainjinia walisema gia isiyo na hicho kitu inazunguka bure haipeleki nguvu popote. Mimi hiyo stori naipenda mno. Lakini muulize mtu barabarani kama anaijua! Lions, shirika jingine la aina hiyo, nao wana vichwa viwili vya simba, kimoja kinatazama yaliyopita na kingine yajayo, vizuri sana, ila anayejua ni aliyeko ndani. Mgeni anaona simba wawili basi.

Ndo maana mwaka 2013 Rotary walipopanga upya muonekano wao hawakulitupa gurudumu, walichofanya ni kuandika neno Rotary kubwa pembeni yake, maana jina lilikuwa limeandikwa ndani ya duara kwa herufi ndogo, ukiliona kwa mbali au kwenye kioo cha simu husomi kitu. Na klabu inaandika jina lake hapohapo karibu na alama. Wana ukurasa wao wa Brand Center ambapo klabu inatengeneza logo yake yenye jina, bure. Uliza shirika lenu, kama wana kitu cha hivyo hela ya logo imeokoka tayari.

Ukitaka kutumia hela kwenye fulana, alama iwe ndogo kifuani, halafu MGONGONI ndo uandike kwa herufi zinazosomeka hatua ishirini: TUNAPIMA MACHO BURE. NIULIZE. Yule dada alikaa nyuma ya migongo yenu masaa matatu, migongo ilikuwa imeandikwa nini?

mratibu_wanachama

Mgongoni kuna majina ya wadhamini. Na kaulimbiu ya mwaka juzi.

kamera_begani

Naungana na fundi ila mimi naona picha ndo zinaua klabu kuliko hata logo. Fanya zoezi hili leo, ingia kwenye peji yenu chukua picha 30 za mwisho, hesabu ngapi zinaonyesha mtu anafanya kazi kwa mikono yake na ngapi ni watu wamesimama mstari wanaangalia kamera wameshika hundi ya kadibodi au wanavalishana beji. Nilipofanya kwa klabu yangu kazi zilikuwa 4. Nne tu, na tulikuwa tumefanya miradi minane mwaka ule, yaani tulifanya kazi halafu tukasubiri iishe ndo tupige picha!

Sasa fikiria wewe ni binti wa miaka 25 unaangalia hiyo peji. Unaona watu wa makamo wamevaa suti wanapeana mikono. Hakuna mahali unajiona. Hata kama unataka kusaidia unajiuliza hapa mimi nitafanya nini, nitashika upande gani wa hundi.

Rotary walikuja na kampeni yao ya People of Action mwaka 2017 na kiini chake ndo hicho, onyesha watu wakiwa katikati ya kazi, kichwa cha habari kiwe kitendo. Hamna haja ya kuwa Rotary kuiga hilo. Mkabidhi mtu mmoja simu siku ya mradi asifanye kitu kingine, apige mikono inafunga bendeji, apige mzee anasoma herufi ukutani, apige jasho. Na uwaombe ruhusa watu mnaowahudumia, hilo naliweka kwa msisitizo, mtu aliyekuja kutibiwa hakuja kuwa tangazo lenu. Akikataa, piga mikono ya mhudumu tu inatosha.

Halafu kapsheni. Acheni kuandika PP fulani, PDG fulani, Rtn fulani, Lion fulani. PP ni rais mstaafu wa klabu, PDG ni gavana mstaafu wa wilaya, Rtn ni mwanachama wa Rotary, mimi najua na wewe unajua, mgeni anaona misimbo. Posti ya kukaribisha watu ikianza na vyeo vinne mgeni anaelewa kitu kimoja, kwamba hapa kuna ngazi na yeye atakuwa chini kabisa.

nilienda_mara_moja

Mimi sio mwanachama wa klabu yoyote ila niruhusuni niseme maana mimi ndo yule mnayemtafuta.

Kuna klabu moja peji yao ilikuwa nzuri, picha za kazi kabisa kama anavyosema kamera, nikavutika nikawaandikia. Kujibiwa ilichukua siku 19. Sio kwamba nilikuwa nahesabu kwa ubaya, nilikuwa nasubiri kwa hamu. Namba iliyokuwa kwenye bango ilikuwa ya kiongozi aliyemaliza muda wake, akanipa namba ya mwingine, mwingine akanambia njoo kikao jumanne.

Nikaenda. Hakuna aliyenikaribisha mlangoni, nikakaa meza ya nyuma. Saa nzima ikawa mihutasari, salamu za itifaki, faini za kuchelewa, watu wanacheka vitu vya ndani ambavyo mimi sivijui. Mwishoni nikaambiwa nijitambulishe, nikajitambulisha, wakapiga makofi, basi. Hakuna aliyeniuliza unapenda kufanya nini. Hakuna aliyesema jumamosi tuna kazi njoo. Nikapewa fomu yenye ada tu.

Sikurudi. Na ninachotaka mjue ni kwamba nilirudi nyumbani nikiwa nimejilaumu MIMI, nikaona labda mimi sio wa hadhi ile. Kwahiyo mkiweka picha nzuri halafu mlango uko vile vile mnawaumiza watu zaidi, maana mmewaita.

mwanaklabu_mkongwe

Wanangu nimewasoma wote. Mimi nipo kwenye huduma hizi miaka zaidi ya thelathini na nimeona kampeni za kila aina, kwahiyo mniwie radhi nikisema hii habari ya brandi mnaipa uzito kupita kiasi. Februari 1905 pale Chicago wakili Paul Harris alikaa na wenzake watatu ofisini kwa mmoja wao, Rotary ikaanza hapo, hawakuwa na logo, jina lenyewe la Rotary, yaani kuzunguka, lilikuja baadae kwasababu walikuwa wanazungusha vikao ofisi hadi ofisi. Watu waliingia kwasababu mtu aliwaambia njoo. Mimi mwenyewe niliingia hivyo, bosi wangu alinishika mkono. Kila mwanachama alete mtu mmoja, mtakuwa 46 mwakani bila kutumia hata senti ya bango.

Ila niseme na la upande wa pili maana nimelifikiria nikiwasoma. Kualikana kuna ugonjwa wake, kila mtu anamleta anayefanana naye. Wanawake Rotary hawakuruhusiwa rasmi duniani kote kuwa wanachama mpaka 1989, na hata hapo ilianzia kwenye kesi, klabu moja ya California iliingiza wanawake ikafukuzwa, ikaenda mpaka Mahakama ya Juu ya Marekani na hukumu ikatoka 1987. Lions nao walifungua mlango mwaka huo huo wa 1987. Nilikuwa kijana nakumbuka watu wazima wakisema klabu zitakufa. Leo ukiwatoa akina mama kwenye klabu yetu kazi zote zinasimama siku hiyo hiyo. Kwahiyo naelewa kwanini binti anaangalia picha za suti anajiona sio wake, kwa muda mrefu ilikuwa kweli sio wake.

Jambo moja nawaachia. Brandi niliyoiona ikifanya kazi ni kazi moja iliyofanywa muda mrefu bila kuachwa. Mwaka 1925 Helen Keller, mwandishi Mmarekani asiyeona wala kusikia, alisimama mbele ya Lions kwenye mkutano wao Ohio akawaomba wawe watetezi wa vipofu, na mpaka leo ukisema Lions mtu anasema miwani, macho. Rotary waliingia kwenye polio 1985, mwaka 1988 ilikadiriwa watoto 350,000 wanapooza kwa mwaka, leo wagonjwa wa polio ya asili (isiyotokana na chanjo) wamepungua zaidi ya asilimia 99 na Agosti 2020 kanda ya Afrika ikathibitishwa haina polio hiyo tena. Kuna watu hawajui Rotary ni nini lakini wanajua matone mawili ya chanjo mdomoni. Klabu yenu kwa mwaka inafanya miradi mingapi ya aina ngapi?

mratibu_wanachama

Mzee shikamoo na asante sana. Nimehesabu, mwaka jana tulifanya vitu 11 tofauti. Macho mara mbili, miti, vitabu, kutembelea wagonjwa, usafi, mbio za hisani, na vingine hata siwezi kueleza tulivifanya kwanini, mtu alipendekeza tukaitikia. Mwaka wa klabu unaanza Julai 1, rais mpya anaingia na lake, Julai inayofuata mwingine na lake.

Ya kuleta mtu mmoja mmoja mzee tumeijaribu miaka mitatu mfululizo. Wanaletwa, wanavalishwa beji, baada ya miezi minne hawapo. Aliyoandika @nilienda_mara_moja yamenichoma kwasababu faini za kuchelewa na sisi tunazo, na mgeni kwetu anakaa nyuma hivyo hivyo. Naomba radhi kwa niaba ya watu ambao siwajui.

Picha nimehesabu pia. 30 kwa 3. Na kati ya hizo tatu, moja ndo yule dada, anamshika mzee mkono. Picha bora kwenye peji yetu nzima ni ya mtu ambaye hatujui jina lake.

Nimejaribu kuandika sentensi moja ya kumjibu mtu akiuliza nyie ni nani, mniambie: "Sisi ni klabu ya kimataifa ya wataalamu na viongozi wanaojitolea kuleta mabadiliko chanya katika jamii kwa upendo na umoja."

fundi_wa_alama

Mkuu hiyo futa. Weka jina la benki au la chama cha siasa mbele yake uone kama haifai nao pia. Sentensi ikiweza kuvaliwa na kila mtu sio yako.

kamera_begani

Anza na kitendo na siku. Mtu akisikia siku anafungua kalenda kichwani mwake.

mratibu_wanachama

"Tunapima macho ya watu bure kila jumamosi ya pili ya mwezi, na tunatafuta mikono ya kusaidia."

nilienda_mara_moja

Hii ningekuja. Na ningekuja jumamosi, sio kikaoni jumanne. Kama naweza kuomba kitu kimoja, mgeni wa kwanza mpokeeni kwenye kazi, vikao avikute akishawajua watu kwa majina.

mwanaklabu_mkongwe

Na hilo linaruhusiwa siku hizi zaidi ya wanavyodhani wengi wa rika langu. Rotary kwa mfano walilegeza kanuni mwaka 2016, klabu inaweza kupanga vikao vyake yenyewe ilimradi visipungue viwili kwa mwezi, mtandaoni au ana kwa ana, sio lazima kila wiki kama zamani. Someni katiba ya shirika lenu, msikute mnalinda sheria ambayo ilishafutwa. Kuhusu macho, ukikubaliwa na bodi hakikisha rais ajaye na yule wa baada yake wote wawili wamesaini, la sivyo Julai itaondoka nayo.

Na kaulimbiu za kila mwaka msichapishe kwenye fulana. Kwa miaka mingi rais wa Rotary wa dunia nzima alikuwa anatoa kaulimbiu yake na nembo yake, nzuri kabisa, lakini miezi 12 ikiisha fulana zimezeeka zikiwa mpya. Nina boksi zima kabatini.

mratibu_wanachama

Nimewaelewa wakuu. Nitakachopeleka kwa bodi: logo ibaki ya shirika na jina letu liandikwe kubwa pembeni, macho kila mwezi kwa miaka mitatu na ile miradi mingine tuipunguze hata kama itauma (najua nani atalia), fulana zenye maandishi mgongoni, na mtu mmoja kila zoezi kazi yake ni kupokea wageni tu, ana daftari, anaandika jina na namba na anachopenda kufanya, na anampigia mtu ndani ya siku mbili. Kama hela itatosha fulana tu basi fulana.

Swali la mwisho, hiyo namba ya kwenye bango iwe ya nani? Maana kila Julai viongozi wanabadilika na ndo yalimkuta mwenzetu.

fundi_wa_alama

Isiwe ya mtu. Nunueni laini ya klabu na simu ndogo, inakabidhiwa pamoja na makabrasha siku ya kubadilishana uongozi, na neno la siri la peji liandikwe kwenye makabrasha hayo hayo. Baruapepe vivyo hivyo. Kisha kabla hujachapa bango mwambie mtu asiyewajua aipige uone nani anapokea.

kamera_begani

Na ile picha ya yule dada usiiweke kwenye bango kabla hujampata umuombe. Wale wazee aliowashika mkono majina yao si aliyaandika yeye? Orodha ipo. Anzeni na mzee aliye kwenye picha, muulizeni kama anamfahamu, inawezekana kabisa ni jirani yake.

mratibu_wanachama

Orodha ninayo hapa, mwandiko wake. Nampigia mzee kesho asubuhi.